Kupima saratani ya utumbo mpana bila kuingiziwa kamera: picha ipo, ila kusafisha tumbo kuko palepale

Mkuu, umeuliza kama mama yako wa miaka 58, ambaye hataki hata kusikia habari za kuingiziwa kamera, anaweza kupimwa kwa picha tu. Anaweza. Kipimo kinaitwa CT kolonografia, yaani picha za utumbo mpana zinazopigwa kwa eksirei za mashine ya CT; hata Rais Obama alipimwa hivyo mwaka 2010. Ila kama mama anatoa damu chooni, anapungua uzito au damu yake iko chini bila sababu inayojulikana, usihangaike na picha. Kolonoskopi, yaani hiyo ya kuingiziwa kamera, ndiyo itakayomfaa, maana hapo atahitaji kuchukuliwa kipande cha nyama ya utumbo kikapimwe.

Kipimo cha picha huharibikia nyumbani, siku moja kabla. Siku hiyo mama asile vyakula vizito: chai ya rangi, supu iliyochujwa na maji mengi vinatosha. Atakunywa dawa ya kuharisha, na pamoja nayo dawa ya kutia alama, yaani bariamu kidogo au aiodini ya kunywa. Hii ya pili wengi wanaipuuza, na ndiyo roho ya kipimo. Kinyesi kilichobaki kikiloa dawa hiyo hung'aa cheupe kwenye picha, ila kinyama, yaani kiuvimbe kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, kinabaki kijivu. Bila alama, donge la kinyesi na kinyama vinafanana kabisa. Kama ana ugonjwa wa figo, moyo au mzio wa aiodini, aseme mapema, kwa sababu baadhi ya dawa za kuharisha, hasa zenye fosfeti, zinaumiza figo.

Mezani anawekewa mrija mwembamba kwenye njia ya haja kubwa, utumbo unajazwa gesi ya kaboni dioksidi, mara nyingi lita 3 hadi 4. Tumbo litajaa na kusokota kidogo, lakini gesi hii hufyonzwa haraka kuliko hewa ya kawaida. Anapigwa picha akiwa chali, kisha kifudifudi, kila mara akibana pumzi kwa sekunde chache. Akigeuka, maji na kinyesi huhama. Kinyama hubaki kimeshikilia ukuta. Sehemu ya chini kushoto hupenda kusinyaa, na ikitokea hivyo alazwe ubavu wa kulia apigwe tena. Halazwi usingizi, anaondoka kwa miguu yake.

Vinyama vya milimita 10 na zaidi huonekana kwa takriban watu 9 kati ya 10 walio navyo. Vilivyo chini ya milimita 6 kwa kawaida haviripotiwi, na vilivyolala bapa hukwepa. Kikubwa kikionekana, kolonoskopi haikwepeki, kwa sababu picha haikati kitu. Ulizeni kabla kama hospitali inaweza kuifanya siku hiyohiyo, asisafishwe tumbo mara mbili. Pakiwa safi, anarudia baada ya miaka 5.

Kapsuli yenye kamera ya kumeza nayo ipo, lakini inadai tumbo safi zaidi, kwani haiwezi kufyonza uchafu, na betri inaweza kuisha kabla haijafika mwisho.

Kuwa na mashine ya CT pekee hakutoshi. Piga simu uulize: mnatoa dawa ya kutia alama? Mna pampu ya gesi inayopima presha? Nani anasoma picha hizi, na amezizoea? Wakisitasita, ni heri mama apime kinyesi kwa kipimo cha FIT kila mwaka, ambacho hutafuta damu isiyoonekana kwa macho na hakihitaji kusafisha tumbo. Kikitoka chanya, aende kolonoskopi.