Pombe peke yake? Hapana
Dada, umeuliza kama pombe ndiyo inayoleta vipigo kwenye ndoa. Inachochea, sikatai, huku Kongwa, Dodoma, alizeti zikishauzwa na pesa ikaishia kwenye pombe utajionea mwenyewe. Lakini wapo walevi wasiomgusa mke, na wapo wasioonja hata togwa wanaopiga. Mimi naogopa zaidi mwanaume aliyekua akiona mama yake anapigwa, halafu anashika kila senti ya nyumba. Kinachokinga ni kupanga pamoja pesa ya mavuno, na kuwa na ndugu wasiokwambia "vumilia". Kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, nacho kinasaidia, ila mume akigundua mkopo wa siri, hapo ni balaa. Na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumchapa mwenzi. Dawati la jinsia, linalopokea kesi za ukatili kama huu, lipo polisi, nenda.