Konokono Mwenye Miguu Sita

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipogeuza jiwe kijitoni niliona viumbe mfano wa konokono, wadogo kama punje za dengu, ila magamba yao yalikuwa ya chembe za mchanga. Nilipowatia katika sahani ya maji, mmoja alitoa kichwa na miguu. Wengine walikuwa wameng'ang'ania jiwe bila kusogea kabisa. Je, hao ni konokono wa aina gani, na hao wengine walikuwa wamekufa?

JIBU: Hao si konokono. Ni mabuu ya wadudu wa familia ya Helicopsychidae, iliyomo katika oda (yaani kundi kubwa la familia) ya Trikoptera, ambayo ni jamaa ya karibu ya vipepeo na nondo. Usione haya kudanganyika, kwani mwaka 1834 Isaac Lea, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa elimu ya konokono, aliyaeleza magamba ya namna hiyo kutoka Tennessee kuwa ni ya konokono mpya, akampa jina la Valvata arenifera, akidhani kwamba mnyama huyo hujibandika mchanga ili kuliimarisha gamba lake. Laiti angemwona akitoa miguu, kama ulivyomwona wewe!

Konokono hulitoa gamba lake mwilini mwake mwenyewe, lakini buu huyu hujenga. Tezi zake hutoa uzi wa hariri kupitia mdomo wa chini, na uzi huo hunata hata ndani ya maji. Huchagua chembe ya mchanga, huigeuzageuza kwa miguu mpaka ikae sawa, kisha huifunga kwa hariri kwenye ukingo wa mlango. Kwa kuwa upande mmoja wa ukingo huongezwa zaidi ya ule mwingine, nyumba hujipinda polepole kama parafujo, na mwili wa buu nao hujikunja kuifuata. Ukipata gamba tupu, lidondoshee siki: la konokono litatoa mapovu kwa sababu ni la chokaa, ilhali la mchanga litatulia, isipokuwa mchanga wenyewe uwe wa chokaa.

Chakula chake ni mwani unaoota juu ya mawe, ambao huukwangua huku akiiburura nyumba yake.

Kuhusu wale wasiosogea, yamkini hawakuwa wamekufa. Buu akishakua huifunga nyumba yake kwenye jiwe kwa hariri, huuziba mlango na kuacha upenyo mwembamba wa kupitishia maji, kisha humo ndani hugeuka pupa, yaani hali ya kutulia kabla ya kuwa mdudu kamili. Atakayetoka ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye mabawa yenye vinyweleo, anayefanana na nondo. Kwa hiyo usiwabandue. Lirudishe jiwe mahali pake, upande ule ule ulioukuta, maji yaendelee kuwapitia.