Kusanifu si kusanifisha

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika taarifa katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Juzi niliandika, "Tumesanifu uzito wa magunia." Bosi akakata, akaandika "tumesawazisha". Mdogo wangu anayesoma takwimu chuoni anasema ni "tumesanifisha". Nimfuate nani?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfuate mdogo wako.

Kitenzi sanifu, chenye asili ya Kiarabu, ni kubuni na kuunda kitu kwa ustadi. Ndiyo maana anayechora ramani za nyumba huitwa msanifu majengo. Mkaguzi akisoma sentensi yako anaweza kuelewa kwamba uzito mmeubuni nyinyi wenyewe, na hilo ni baya. Tena huku Arusha kijana akikuuliza, "Unanisanifu?" anataka kujua kama unamkejeli.

Lakini sanifu ni kivumishi pia: kinachofuata kipimo kilichokubaliwa. Safi ikazaa safisha, sahihi ikazaa sahihisha, na sanifu hii ikazaa sanifisha. Magunia mkiyajaza kilo 60 kila moja, mmeyasanifisha. Mkihamisha kahawa toka gunia hili kwenda lile mpaka yote yakawa na kilo 57, mmesawazisha tu: yanalingana, lakini kipimo hayajakifikia.

Tazama chekeche zenu. Punje za daraja la AA ni zile zinazobaki juu ya chekeche namba 18, yenye matundu ya milimita 7 na kidogo. Punje haikuguswa, imepangwa daraja tu. Kilichosanifishwa ni tundu, na kwa ajili ya tundu hilo mnunuzi aliyeko Hamburg anajua ukubwa wa AA kabla hajaiona.

Mdogo wako naye analitumia neno hili kwa alama za mtihani. Mtoto kapata 62 Hisabati na 70 Kiswahili. Mzazi atasifu Kiswahili. Sasa chukua wastani wa darasa na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kuzunguka wastani: Hisabati wastani 50, mchepuko 6; Kiswahili wastani 68, mchepuko 10. Toa wastani, gawanya kwa mchepuko. Hisabati inatoka 2, Kiswahili 0.2; hizo ndizo alama zilizosanifishwa. Kumbe mtoto huyu kawaacha wenzake mbali kwenye Hisabati! Natamani kila mwalimu angeifanya hesabu hii kabla ya kumwambia mtoto hana kichwa cha namba.

Na lugha? Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kamati ya kusimamia tahajia, sarufi na vitabu vya shule. Walihitaji kipimo kimoja ili kitabu kimoja kisomeke Moshi na Mombasa. Hawakusema Kimvita, lahaja ya Mombasa, ni kosa. Hili linaniuma, kwa sababu niliwahi kuzungushia kalamu nyekundu neno "ndia" katika insha ya binti ambaye wazazi wake walihamia Arusha kutoka Mombasa. Kwao njia ni ndia, tangu enzi za mabibi zake. Nilipaswa kumwandikia pembeni, "Kwenye mtihani andika njia," na neno lake nilibakize. Miezi miwili hivi hakunyoosha mkono darasani.

Kwenye taarifa yako andika: "Tumesanifisha uzito wa magunia, kila moja ni kilo 60." Kama yapo yaliyopungua, yataje kwa idadi.