Galoni, kikombe, mtungi: pitia kwenye mililita kwanza

Kipimo usichokizoea kigeuze kiwe mililita kwanza, ndipo ukipeleke unakotaka. Kijiko cha chai ni 5, cha mezani 15, lita 1,000. Hapo hakuna ubishi. Kizungumkuti ni galoni: ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani 3.785. Kwa galoni tano unakosea kwa karibu lita nne, kwa hivyo ujue kwanza ni ya wapi. Oili ya injini ya Marekani nayo huja kwa kwata, mililita 946. Injini ikihitaji lita 4, chupa nne zitapungukiwa na mililita 216.

Jikoni, kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni mililita 237. Kikombe chako cha chai si kipimo. Vingine hubeba 300 na zaidi. Vijiko vya nyumbani vipime kwa bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa: vuta maji, mimina kijikoni uone kama yanafurika. Dawa ya mtoto ipime kwa bomba lenyewe, kijiko ukiache.

Lita si kilo, ila kwa maji. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina gramu 920 hivi. Ukilinganisha bei kwenye maduka ya Nyamakima, Nairobi, mtungi wa kilo 20 una takriban lita 21.7, kwa hivyo ule wa lita 20 unaoonekana rahisi huenda si rahisi. Asali ni kinyume: chupa ya gramu 500 ina kama mililita 350, na hujapunjwa.

Kwenye bili ya maji, uniti moja ni mita ya ujazo: lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ukinunua mtungi kwa shilingi 20, umelipa 1,000 kwa uniti. Fungua bili yako ulinganishe.

Bauza, yaani lori la kuuza maji, lisipokuwa na mita ya kupima maji, pima tanki lako. Nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14 mara kina, vyote kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000 upate lita. Pima kipenyo cha ndani, na tanki liwe la duara lililonyooka. Lenye kipenyo cha mita 2 hubeba lita 31.4 kwa kila sentimita, hivyo lita 5,000 zipandishe maji sentimita 159. Chovya kijiti kabla na baada. Yakipanda 140 tu, umepata kama lita 4,400. Mwambie dereva kabla hajakunja mpira wa maji.