Maswali Yenu: Mhusika Mdogo Kwenye Larpu

Kiangazi cha Ulaya ni msimu wa larpu, michezo ya kuigiza isiyo na watazamaji: kila aliyevaa mavazi ni mhusika, na hakuna maneno ya kukariri. Leo najibu waliopangiwa nafasi ndogo upande wa waandaaji, yaani wahusika wa kuwapa wachezaji kitu cha kufanya.

Naenda ConQuest of Mythodea, larpu kubwa kule Brokeloh, Ujerumani. Nimepewa mfanyabiashara wa viungo, maelezo yake mistari mitatu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye shida yake. Muuzaji anayengoja wateja tu ni sawa na meza yake. Mpe kitu anachokihitaji leo, kabla jua halijazama, asichoweza kukipata bila wachezaji. Labda mzigo wake umezuiwa, anatafuta wa kuapa kwamba magunia ni yake. Mtu akija kununua pilipili, mtazame, shusha sauti: "Wewe unaonekana mtu wa kuaminika. Unajua kusoma?" Hapo tayari ana kazi, na atawaita wenzake.

Kisha chagua tabia moja ya mwili. Afunge vifuko kwa meno, kwa mfano. Moja inatosha; kwenye uwanja wenye maelfu ya watu watamkumbuka yule wa meno. Akiwa na siri, icheze ili ijulikane. Siri unayorudi nayo nyumbani haikumfaa mchezaji yeyote.

Mimi ni mcheshi. Nikianza kuongea, hema zima linanisikiliza. Kuna ubaya?

Upo, ukizidisha. Wenzako wameshona mavazi miezi mingi ili wao ndio watende. Wachezaji wa nchi za Nordiki, kaskazini mwa Ulaya, wanasisitiza kucheza kwa kumwinua mwenzako, na naliamini hilo kabisa. Mchezaji akiwa malkia, wewe ndiye unayemfanya malkia: akiingia, katiza sentensi yako, inama, usikae kabla yake. Ucheshi wako utumie kumvuta kwenye mazungumzo yule aliyejibanza pembeni.

Kijerumani changu ni cha kubabaisha.

Omba kuwa msafiri au mjumbe mwenye barua. Sentensi fupi zinatosha.

Mimi ni jambazi, nauawa mapema. Nitaonyesha nini?

Usikate roho upesi. Mshike kanzu aliyekuangusha, mtajie aliyekutuma, ndipo ufe. Baadaye rudi kwa waandaaji wakuvike mhusika mwingine. Ila upanga wa povu, yaani sponji, una ufito ndani: usichome nao, wala usipige kichwani.

Nilicheza askari jela. Nilimfokea mfungwa, akalia. Sikujua analia yeye au mhusika wake.

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Wengi hutumia ishara ya kuuliza "uko sawa?": unaunganisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara, unamwonyesha kimyakimya. Akiinua gumba, endelea. Akiligeuza chini, au kiganja kikiyumba, mtoe nje mara moja. Unaweza kumkokota kama askari ili heshima yake ibaki mbele ya wengine. Kwenye larpu za Nordiki kuna pia neno "kutt", linalosimamisha kila kitu, na "brems", la kupunguza kasi. Ulizia maneno ya tukio lako kabla mchezo haujaanza.

Mkishafika nje, vua kofia ya askari, mpe maji, mwite kwa jina lake halisi, umjulishe mwandaaji. Usirudi kumfokea mpaka mwenyewe aseme yuko tayari.