Saa ya Hadithi ya Rangi: Chagua Rangi Moja, Uipe Kazi

Jumamosi iliyopita watoto waligoma kuondoka. Saa ya hadithi ilikuwa imekwisha, wazazi wamesimama mlangoni na mikoba begani, na bado kundi zima limeizunguka meza yangu, kila mmoja anataka kuchungulia jagi la maji. Mada ilikuwa rangi ya kijani. Tangu jioni ile nimepokea ujumbe wa wakutubi na walimu wa chekechea wakiniuliza niliipangaje. Nawajibu hapa kwa pamoja, maana najua mnalitaka ninalolitaka mimi: chumba kilichojaa watoto wanaoomba kitabu kingine.

Nilichagua rangi moja tu. Mipango mingi ninayoletewa ina upinde wa mvua mzima ndani ya nusu saa, na sijawahi kuona mtoto wa miaka mitatu aliyetoka humo na kitu. Mtoto wa umri huo anaweza kukuimbia majina ya rangi zote bila kukosea, kisha ukamwomba kikombe cha bluu akakupa cha manjano. Hana tatizo lolote. Mpira anaweza kuushika na kuupiga teke, lakini rangi ya mpira hawezi kuibandua akaitazama peke yake. Anachohitaji ni kuiona rangi ileile juu ya vitu vingi tofauti, na pembeni yake vitu vya aina moja vyenye rangi nyingine. Mimi huweka vikombe vitatu vinavyofanana kila kitu, kimoja tu cha kijani. Hapo rangi inabaki kuwa tofauti pekee ya kutazama.

Ukiwa unaanza, anza na kijani, manjano au bluu. Jina halibadiliki: kiti cha kijani, gari la kijani, nguo ya kijani. Nyekundu, nyeupe na nyeusi ziache za baadaye, kwa sababu mtoto atasikia kiti chekundu, gari jekundu, mpira mwekundu, na masikio madogo yana kazi ya kutosha tayari.

Sasa hadithi, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza watoto. Rangi lazima iwe na kazi ndani ya hadithi. Jiulize: nikibadilisha rangi hii, kisa kitaendelea vilevile? Kama jibu ni ndiyo, weka kitabu hicho kando hata kama picha zake ni nzuri kiasi gani. Kitabu kinachosema jani ni la kijani, nyasi ni za kijani, kasuku ni wa kijani, ni orodha, na orodha haimfanyi mtoto asogee mbele kwenye mkeka.

Nilipokosa kitabu kilichonifaa nilitunga changu. Chura wa kijani anaishi juu ya jani la kijani. Anachoka kutoonekana, kila mgeni anapita bila kumsalimu, basi anaamua kuhamia kwenye ua la manjano ili apate kusifiwa. Na korongo ana njaa. Hayo tu. Nilikata umbo la chura, jani, ua na korongo kwa kitambaa, nikatumia ubao uliofunikwa kitambaa cha sufu ili maumbo yashike. Nikaita "Paukwa!", wakaitika "Pakawa!" kwa nguvu, tukaanza. Chura alipokuwa juu ya jani, walioketi nyuma walinyoosha shingo kumtafuta. Nilipombandua na kumweka juu ya ua, kabla sijasema neno, mvulana mmoja alipiga kelele, "Rudi! Anakuona!" Wakadakia wote. Hakuna aliyeulizwa hii ni rangi gani. Walijua, na walijua pia inamfaa nini chura.

Ndiyo maana nasema, acheni kuwafanyia watoto mtihani. "Hii ni rangi gani? Na hii je?" Anayejua anajibu kila mara, asiyejua anajifunza kunyamaza. Tena wapo watoto wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Hali hii huwapata zaidi wavulana, kwa kuwa jeni zinazohusika zimo kwenye kromosomu X na mvulana anayo moja tu, hana ya pili ya kuziba pengo. Mtoto huyo hajui kwamba anaona tofauti na wenzake, na mzazi pengine hajagundua. Ukimsahihisha mbele ya kundi, unamwaibisha kwa macho aliyozaliwa nayo. Mpe msaada wa umbo: hata asipoitambua rangi, ajue jani ni lipi na ua ni lipi.

Vivyo hivyo na ule mchezo wa "aliyevaa kijani asimame". Aliyevaa bluu afanye nini? Kata utepe wa kijani kwa kila mtoto, waupunge wakati wa wimbo, waufiche mgongoni, waulaze kichwani. Hakuna anayebaki nje.

Nusu saa inatosha kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, wadogo zaidi wape pungufu ya hapo. Hadithi, wimbo wa kusimama, hadithi fupi, kisha kitu cha kutazama au kufanya.

Changu kilikuwa jagi. Tumia jagi la kioo lisilo na nakshi, weka karatasi nyeupe nyuma yake. Tia rangi ya chakula ya manjano kwanza, kisha bluu tone kwa tone. Usigeuze mpangilio huo: bluu kidogo inatosha kuibadilisha manjano, lakini manjano ikitiwa ndani ya bluu iliyokolea inamezwa. Na usikoroge. Tone lilishuka likijinyonganyonga hadi chini, likaacha mkia wa kijani, na binti mmoja akatamka, "Anti, manjano inaliwa!" Sikumsahihisha.

Kuna jambo nimelibeba muda mrefu. Katika maktaba niliyofanyia kazi zamani, mkubwa wangu alinikuta sakafuni na watoto na tepe zetu, akasema mbele ya wazazi, "Hii ni maktaba, si chekechea." Mama mmoja alimshika mwanawe mkono wakatoka, na sikuwaona tena. Inaniuma hadi leo. Laiti ningekuwa na jibu mkononi siku ile. Marekani, vitengo viwili vya Chama cha Maktaba cha nchi hiyo vina mpango wa kuwaandaa watoto kwa kusoma, na toleo lake la pili, la mwaka 2011, linawahimiza wazazi mambo matano: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Kucheza kumo, pamoja na kusoma. Basi wakutubi wenzangu, tusione haya kukaa sakafuni. Mtoto anayekuja kucheza na utepe leo ndiye atakayejua njia ya rafu kesho, na anayefukuzwa leo hatumpati akiwa mkubwa, hata tukimbandikia matangazo kila ukuta.

Tena msiruhusu saa ya hadithi ikatishwe kwa sababu chumba kina kelele. Ongeeni na viongozi wenu mapema, waonyesheni mpango wenu kwenye karatasi, waalikeni waketi waone.

Na vitabu vya kuazima viwe tayari kabla mtoto wa kwanza hajaingia. Vitandaze kwenye meza iliyo kati ya mkeka na mlango, jalada likitazama juu, vya kijani na vya vyura, vya majani na vya ndege, vingi kuliko idadi ya watoto unaowatarajia. Jumamosi ile meza yangu ilibaki tupu, na mzazi mmoja aliyekuja kumsindikiza mwanawe tu alijaza fomu ya uanachama akiwa amesimama.