Kesi ya kiwanja imepigwa pingamizi la mamlaka: divisheni za Mahakama Kuu, na nani anapanga jaji

Mkuu umeuliza mawili kwa mpigo. Kwanza mjomba wako kafungua kesi ya kiwanja mahakama ya wilaya, upande wa pili wameleta pingamizi la awali kwamba mahakama haina mamlaka, sasa unataka kujua kwanini faili lisihamishiwe tu "ardhi" maisha yaendelee. Pili unauliza kama kuna namna ya kuchagua jaji. Mimi ni karani ofisi ya mawakili hapa Dar, kazi yangu ni masijala, kusajili kesi, kukimbizana na samansi, kwahiyo nakujibu kwa ninayoyaona kila siku, wakili wa mjomba atakuja kunirekebisha nikiteleza.

Watu wengi wanachanganya divisheni na mahakama. Mahakama Kuu ya Tanzania ni moja, ila ndani yake wamegawa vyumba: Divisheni ya Biashara ilianza 1999, kuna ya Ardhi, kuna ya Kazi, na 2016 ikaongezwa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Mirathi na talaka za Dar nazo siku hizi unaelekezwa Kituo Jumuishi Temeke, kuanzia mahakama ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu zote ziko pale pale, na kusema ukweli hiki ndo kitu kimepunguzia wajane mizunguko kuliko mageuzi mengine yote niliyoyaona. Sasa kwenye divisheni ukikosea mlango mara nyingi ni usumbufu tu, maana jaji wa huku na wa kule wote ni majaji wa Mahakama Kuu. Zamani kwenye ardhi walikaza sana, kesi ya ardhi ya ngazi ya Mahakama Kuu ilikuwa lazima iende Divisheni ya Ardhi, mpaka sheria ikarekebishwa 2010 ndo masjala za Mahakama Kuu za mikoani nazo zikaanza kusikiliza. Na huko mikoani usitegemee haya madivisheni, jaji huyo huyo asubuhi ana kesi ya mauaji, mchana mpaka wa shamba.

Mjomba wako shida yake siyo hiyo. Mahakama ya wilaya ya kawaida haimo kabisa kwenye orodha ya vyombo vya migogoro ya ardhi. Sheria ya Ardhi imevitaja: baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani, basi. Hakimu wa wilaya akishaona hana mamlaka hana hata mamlaka ya kulihamisha hilo faili, anachoweza ni kuliondoa tu. Wenzetu Kenya wamelifanya hili wazi zaidi, pale Milimani, jengo la mahakama Nairobi, kuna divisheni za Mahakama Kuu kama kwetu, lakini ardhi na ajira katiba yao ya 2010 imezitolea mahakama zake kabisa zenye hadhi sawa na Mahakama Kuu, jaji wa huku haingilii za kule.

Halafu kwa maelezo yako kiwanja kimewekwa rehani benki na aliyemuuzia, hapo ndo patamu. Mawakili wa benki wanapenda kusema hii ni biashara ya mkopo, siyo ardhi, mwenye kiwanja naye anasema nadai ardhi yangu mimi mkopo siujui. Haya mabishano yamekuwepo miaka na majaji wamewahi kutofautiana. Ninachokiona mezani ni kwamba kinachobeba kesi ni hati ya madai yenyewe, nenda moja kwa moja kwenye nafuu, yaani yale anayoiomba mahakama impe, pale mwisho. Kama anaomba atamkwe mmiliki halali na mnada uzuiwe, inanukia ardhi. Kama ni mkopaji anabishana riba na salio, inanukia biashara. Angalia na ile aya ya mamlaka inayotaja thamani, maana Baraza la Wilaya kwa mali isiyohamishika mwisho wake milioni 300, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Nimeshaona aya ile imekopiwa toka kesi nyingine na thamani ya watu wengine, pingamizi likapita bila jasho.

La jaji, hapana, huchagui. Ukishasajili kwa mtandao ukalipia kwa control namba, mwenye kupanga nani asikilize ni jaji mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo (mahakama za chini ni hakimu mfawidhi), na ikishapangwa inatakiwa ibaki kwa huyo huyo mpaka hukumu. Hili wateja wanalichukulia poa lakini ni kubwa sana, kwasababu faili likibadili mikono katikati ya ushahidi lazima sababu ziandikwe kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu ya kesi. Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Georges Centre Limited dhidi ya Mwanasheria Mkuu (rufaa ya madai namba 29 ya 2016) ilifuta mwenendo kwa kukosekana hizo sababu tu. Sisi ofisini siku jaji mpya akishika faili wakili anasimama anaomba sababu ziingie kwenye rekodi, hata kama kila mtu anajua wa kwanza kahamishwa kituo. Kama mna wasiwasi na jaji mnaomba ajitoe, kwa sababu za maana, siyo kwasababu kakunja uso.

Kwa sasa mjomba asing'ang'anie kubishana na pingamizi, akubali kesi iondolewe. Sikilizeni vizuri amri inavyosomwa: kuondolewa anaweza kufungua upya panapostahili, kutupiliwa mbali ni habari nyingine. Kama thamani inaangukia Baraza la Wilaya aanzie baraza la kata apate cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, tangu 2021 kata hawaamui tena wanasuluhisha tu, na wana siku 30. Na mnada ukitangazwa kabla ya hapo mpigie wakili siku hiyo hiyo kuhusu zuio la muda, msisubiri cheti. Weka hapa thamani ya kiwanja na nafuu alizoomba tuone.